Ludwig Krapf wa Rabai: Kazi Iliyoanzwa na Wagonjwa Wawili

Hakuna mtoto wa nchi hii aliyepita somo la historia bila kulisikia jina la Johann Ludwig Krapf. Tulifundishwa ya kuwa ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tukaiandika tarehe katika madaftari yetu, tukajibu swali katika mtihani, kisha tukasahau. Jambo ambalo halikuulizwa katika mtihani ndilo ninalopenda kuwasimulia ninyi ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu leo: jinsi mtu huyu, aliyekuwa na mwili dhaifu na ambaye mipango yake karibu yote ilivunjika, alivyoishika kazi moja kwa zaidi ya miaka 40, na ni wapi alipopata nguvu za kuishika.

Nimemchagua kwa sababu neno hili la kutegemea nguvu za Mungu limekuwa jepesi mno midomoni mwetu. Limeandikwa nyuma ya matatu. Mwanafunzi ambaye hakufungua kitabu tangu muhula uanze hulitamka asubuhi ya mtihani. Nasi watu wazima tukikutana katika mikutano kama huu wetu hulitamka tukiwa tumekwisha kufanikiwa, kama mtu anayemshukuru mwenye nyumba baada ya kushiba. Krapf hakulijua neno hili kwa njia hizo.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo mtoto hakulitenda, akaugua miezi sita. Katika ugonjwa huo hakuwa na kazi ila kusoma, na kitabu kilichokuwamo nyumbani kilikuwa Biblia. Mavuno yalipofika, alipelekwa shambani pamoja na wengine, na wavunaji walipopumzika yeye aliwahadithia habari za Ibrahimu na Yakobo na Yusufu. Wakamwambia baba yake kwamba huyu hatakuwa mkulima.

Akapelekwa shule mjini Tübingen, akienda na kurudi kwa miguu. Huko alipata kitabu cha ramani. Alipoitazama Afrika, aliona upande wa mashariki una majina machache mno, na sehemu kubwa ya karatasi ni tupu. Muuza vitabu mmoja akamwazima kitabu cha safari za Bruce katika nchi ya Uhabeshi, na kijana akasoma habari za fisi wengi wa nchi ile akastaajabu. Baadaye mkuu wa shule aliwasomea wanafunzi habari za watu wanaokwenda kuhubiri Injili katika nchi za mbali. Vijana wenzangu, angalieni mambo makubwa yanavyoweza kuanzia katika saa moja ya darasani.

Sitakawia katika miaka yake ya masomo huko Basel, wala katika mashaka yaliyomfanya aache masomo ya umisionari kwa muda kisha ayarudie. Mwaka 1837 alifika Uhabeshi akitumwa na shirika la Uingereza la Church Missionary Society, yaani CMS. Alifukuzwa Adwa mwaka 1838. Mwaka 1839 akaingia Shoa, kwa mfalme Sahle Selassie, akajifunza Kioromo kwa bidii kubwa. Mwaka 1842, akiwa njiani kwenda pwani, alinyang'anywa mali yake yote na mtawala mmoja wa njiani aliyejifanya rafiki. Mwaka uo huo alimwoa Rosine Dietrich huko Misri, na wote wawili wakaanza safari ya kurudi Shoa. Hawakufika. Mke wake alijifungua mtoto wa kike jangwani, chini ya mti, kabla ya wakati wake. Mtoto akaishi kitambo kidogo tu. Wakambatiza jina la Eneba, neno la Kihabeshi ambalo maana yake ni chozi. Nayo njia ya Shoa ikafungwa mbele yao.

Basi huyu ndiye mtu aliyeigeukia pwani yetu. Hakuja kama shujaa. Alikuja kwa sababu mlango alioupenda ulikuwa umefungwa, akawaza kwamba huenda Waoromo wangefikiwa kutoka upande wa kusini. Mwezi wa Novemba 1843 aliondoka Aden na mkewe katika jahazi. Jahazi likaanza kuingiza maji, ikawa nusura wazame, wakaokolewa na chombo kingine na kurudishwa. Siku chache baadaye wakapanda tena. Mwanzoni mwa Januari 1844 walipita Mombasa, wakafika Unguja.

Hapa ningependa msomaji asimame kidogo. Mlango uliofunguliwa Unguja ulifunguliwa na mkono wa Mwislamu. Sultani Sayyid Said alimpokea Krapf kwa heshima, akampa barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwaambia kwamba mtu huyu ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, na kwamba watendewe wema yeye na kazi yake. Balozi wa Marekani, Richard Waters, naye aliwakaribisha. Na Krapf alipohamia Mombasa mwezi wa Mei, aliyemsaidia kuanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, tarehe 8 Juni 1844, alikuwa kadhi wa mji, Ali bin Modehin kwa jinsi Krapf alivyoliandika jina lake. Krapf katika maandishi yake aliusema Uislamu kwa ukali, na desturi za Wanyika aliwahukumu nazo kwa ukali vilevile, mara nyingine pasipo kuzielewa. Katika hilo simtetei. Lakini ukiyafuata maisha yake hatua kwa hatua, utaona ya kuwa msaada aliokuwa akiuomba kwa Mungu ulimjia mara nyingi kwa mikono ya watu ambao yeye mwenyewe asingewachagua.

Kufasiri kulianza Juni. Julai homa ikaingia nyumbani.

Krapf alishikwa kwanza. Rosine alikuwa na mimba kubwa, naye akashikwa. Tarehe 6 Julai alijifungua mtoto wa kike. Homa ikazidi. Krapf alilala upande mmoja hana nguvu hata ya kuinuka, akamsikia mkewe akiwaombea jamaa zake, na nchi hii, na Sultani wa Unguja pia, ili Mungu amgeuze moyo. Tarehe 13 Julai Rosine alikufa. Mume alijikokota kutoka kitandani ili ahakikishe kwamba ni mauti kweli, kisha akarudi kulala kwa sababu hakuweza kusimama. Siku mbili baadaye mtoto naye akafa. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, kando ya njia ya Wanyika, ili kila apitaye aulizwe na lile kaburi ni kwa nini watu hawa walikuja. Ndivyo alivyozikwa, na mtoto pamoja naye.

Wasomaji wengine watauliza, na ni haki yao kuuliza: je, huku ni kumtegemea Mungu, au ni kumjaribu? Mtu ambaye amekwisha kumzika mtoto mmoja jangwani, anamchukua mke mwenye mimba katika jahazi bovu, anampeleka mji ambao hauna daktari wa kwao. Nimeisikia hoja hii ikitolewa na mwalimu mmoja wa historia, na sidhani ilijibiwa vizuri. Jibu langu ni hili, kwa kadiri ninavyoweza. Wakati ule hapakuwa na mtu duniani aliyejua ya kwamba homa ya malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897, miaka 53 baada ya kifo cha Rosine. Nayo hatari ya safari Rosine aliijua sawasawa na mumewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyezaa chini ya mti. Maombi yake ya mwisho si ya mtu aliyeburutwa. Hata hivyo sitasema kwamba kila alichotenda Krapf kilikuwa sawa. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye kutaka kwenda mbele hata mwili ulipokataa, na waliokuwa karibu naye walilipa sehemu ya gharama.

Jambo la kutazama ni kile alichofanya baada ya hapo. Aliandika barua Ulaya, akiwa bado mgonjwa. Mtu angetazamia aombe ruhusa ya kurudi. Krapf aliwaarifu rafiki zake wa CMS kwamba sasa katika pwani ya Afrika Mashariki lipo kaburi moja la misioni, na kwamba hiyo ni dalili ya kuwa vita vimeanza katika sehemu hii ya dunia. Akawataka wasikate tamaa bali walete watu. Barua hiyo imesomwa makanisani mara nyingi, na mara nyingi husomwa kana kwamba ilitoka katika moyo wa chuma. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Nadhani mwandishi wake hakuwa na kitu kilichobaki: mke hana, mtoto hana, afya hana, mwenzake wa kazi hana. Mtu aliyebakiwa na nguvu zake mwenyewe huzipima, akiona hazitoshi hurudi nyumbani. Yeye hakuwa na cha kupima.

Akakaa Mombasa peke yake karibu miaka miwili. Alifanya nini? Alikusanya maneno. Alitembea mjini na vijijini, akauliza kitu hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje, akaandika. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi wakati ambapo watu wa pwani walikuwa wakikiandika kwa herufi za Kiarabu. Alifasiri. Sura tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo zilipelekwa Marekani zikachapwa huko katika miaka ile ya 1840. Kwa macho ya watu ilikuwa kazi ya mtu aliyeshindwa kufanya kazi. Hakuwa na kanisa wala shule, na hakumbatiza mtu hata mmoja. Alikuwa na karatasi.

Mwezi wa Juni 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Muda si muda Rebmann akaugua. Wazee wa Rabai, katika vilima vya kaskazini-magharibi ya Mombasa, walikuwa wamekubali wageni hawa wakae kwao, na siku ya kuhamia ikapangwa kuwa tarehe 25 Agosti. Siku ilipofika wote wawili walikuwa na homa. Krapf alikuwa mgonjwa sana. Akaona kwamba akingoja apone huenda asiende kamwe, afadhali kufa au kupona huko huko mlimani. Palikuwa na punda mmoja. Wakampanda kwa zamu. Huyu akipanda, yule akitembea akiyumba. Njia inapanda, na wote walioiona Rabai wanajua jinsi inavyopanda. Krapf mwenyewe aliandika baadaye kwamba pengine hapajapata kuwa na misioni iliyoanzwa katika udhaifu kama ule, akaongeza kwamba ilikuwa vema iwe hivyo, ili wao wasijisifu na wale watakaokuja nyuma yao wasisahau kazi ni ya nani. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho jambo lilo hilo juu ya mwiba wake. Wengi wetu tulilikariri fungu lile katika Sunday School. Krapf na Rebmann walilipanda juu ya punda.

Wenyeji waliwajengea, nao wakasaidia kwa mikono yao kuezeka na kupiga udongo, huku homa ikija na kuondoka. Ibada ya kwanza ilihudhuriwa na watu wapatao 15. Baada ya mahubiri Krapf alifurahi, akawaalika waje tena. Mmoja wao akamjibu bila kuficha ya kuwa kama kila mtu atapewa mchele na ng'ombe, watakuja siku zote; kama hakuna, watakaa kwao. Nampenda sana mzee yule. Alimwambia mgeni ukweli tangu siku ya kwanza, na kwa miaka mingi hali ilibaki karibu vivyo hivyo.

Mtu wa kwanza aliyeitikia alikuwa Mringe, kiwete, mtu maskini ambaye hakuhesabiwa kitu na wenzake. Alikuja nyumbani kwa Krapf akakaa naye usiku wakizungumza, akabatizwa alipokuwa katika kufa. Hivyo tunda la kwanza la misioni nzima lilikuwa mtu aliyekuwa akiondoka duniani. Mwenye kupenda hesabu angesema hesabu imerudi sifuri.

Sasa nifike katika jambo ambalo vitabu vya shule hulisifu sana, nalo ni safari na milima. Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa, aliuona mlima wa Kilimanjaro na theluji yake tarehe 11 Mei 1848. Krapf akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Huko London bwana mmoja msomi aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hii, alikanusha kwa maandishi marefu kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Hayo yote mnayajua. Msilolijua labda ni kwamba Krapf hakutafuta milima. Alikuwa na mpango mkubwa: mnyororo wa vituo vya misioni, kimoja baada ya kingine, kutoka Mombasa kukata bara lote hadi pwani ya magharibi. Mwaka 1850 alikwenda Ulaya, akaueleza mpango ule, watu wakaupokea kwa furaha, naye akapewa wenzake wa kwenda nao.

Hapo ndipo nguvu zilipoonekana zimekuja, na hapo ndipo kila kitu kilipobomoka. Wagner, aliyeletwa kabla mwaka 1849 pamoja na Erhardt, alikuwa amekufa katika mwaka ule ule. Katika wale waliokuja na Krapf mwaka 1851, Pfefferle alikufa muda mfupi baada ya kufika. Mwingine aligeuka akarudi. Mafundi watatu walilala na homa. Mnyororo wa kukata bara ulikuwa haujafika hata maili 20 kutoka baharini.

Krapf akaondoka Rabai mwezi wa Julai 1851 akaenda Ukambani ili aanzishe kituo cha pili yeye mwenyewe. Kivoi akakubali kumpeleka hadi mto Tana. Karibu na mto wanyang'anyi wakawashambulia. Krapf alipiga bunduki hewani mara mbili, kwa kuwa hakutaka kumwaga damu ya mtu. Watu wake wakatawanyika. Kivoi akauawa pamoja na waliokuwa karibu naye. Krapf akajikuta peke yake porini, hana chakula, hajui njia, na maadui wako kati yake na watu.

Kiu ilimpeleka mtoni usiku. Akanywa, na kwa kuwa hakuwa na chombo, alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na katika mitutu ya bunduki akaiziba. Akatembea usiku, mchana akajificha. Miiba ikazing'oa zile ziba, maji ya bunduki yakamwagika. Maji ya darubini yakaisha. Akala majani, akajaribu hata baruti. Akiwa karibu kuzimia kwa kiu alisikia kelele za nyani, akazifuata, akafika kwenye mto mkavu ambamo nyani walikuwa wamefukua mchanga na maji yametoka. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya nyani wale, akayachota yale maji.

Si mwisho wa shida. Alipofika kwa jamaa za Kivoi, walimlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, akasikia kwamba huenda akauawa. Akatoroka usiku. Baada ya siku kadhaa za kuhangaika vichakani, akipita mwendo mdogo tu kila usiku na miiba ikimrarua, aliona kwamba hawezi tena. Akarudi mwenyewe akajitia mikononi mwa Wakamba, wamfanye watakavyo. Nao hawakumwua. Walimpatia chakula na njia, na mwisho akafika Rabai, ambako habari za kufa kwake zilikuwa zimemtangulia.

Nimeisoma habari hii mara kadhaa, na kila mara nasimama mahali pale pale, pale alipoacha kukimbia. Mtu huyu alikuwa na bidii kubwa kuliko sisi sote. Alijiokoa kwa akili: darubini, mitutu, kutembea usiku. Hakukaa chini ya mti akingoja malaika. Lakini bidii ilifika mwisho wake, na alipojitoa mikononi mwa watu aliowaogopa, alikuta maisha yake yamehifadhiwa. Wapo wanaofundisha kwamba kumtegemea Mungu ni kuacha kujitahidi, na wapo wanaosema kwamba ni jina jingine tu la kujitahidi. Sijui wangemweka wapi Krapf kati ya mto Tana na Rabai.

Afya yake ilivunjika kabisa, na mwaka 1853 akaondoka. Alirudi pwani mara moja tu, mwaka 1862, akiwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, kisha homa ikamrudisha tena. Rebmann alibaki Rabai. Alikaa pwani miaka 29 bila kwenda kwao, akafiwa na mke, akawa kipofu, na mwaka 1875 alipelekwa Ulaya akishikwa mkono na kijana wa Kirabai, Isaac Nyondo. Alikufa mwaka uliofuata. Waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Kama kamati ya leo ingetumwa kukagua kazi ile, ingeandika ya kuwa fedha zimepotea.

Lakini katika miaka ile ile, watumwa waliokombolewa walianza kukusanyika Rabai na Freretown. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa ushemasi Waafrika wawili, William Jones na Ishmael Semler. Krapf alikuwa ameandika miaka mingi nyuma kwamba siku moja pwani hii itakuwa na askofu mweusi na makasisi weusi, na watu walimwona anaota. Mwanzoni mwa mwaka 1889, watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia katika vituo vya misioni walipewa hati za uhuru, na wengi wao walikuwa wakikaa katika kilima kile kile ambacho wagonjwa wawili walikipanda kwa zamu juu ya punda mmoja.

Huko Korntal, kusini mwa Ujerumani, Krapf aliendelea na makaratasi yake. Alisahihisha Biblia ya Kiamhari, alisimamia uchapaji wa vitabu vya Kioromo, na juu ya meza lilikuwapo lile rundo la maneno ya Kiswahili aliloanza kulikusanya Mombasa baada ya mazishi ya mwaka 1844. Sarufi yake ilikuwa imechapwa Tübingen mwaka 1850. Kamusi iliendelea kukua. Aliwazeesha rafiki zake kwa maswali, na wageni waliotoka pwani aliwauliza habari za Rabai kabla hawajaketi. Tarehe 26 Novemba 1881 alikwenda kulala baada ya kuagana na watu wa nyumbani. Asubuhi hakutoka. Walipofungua mlango walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882. Ni kitabu kinene, na baadhi ya maelezo yake yamepitwa na wakati, lakini wanaosoma lugha za pwani wanakifungua mpaka leo, kwa sababu yamo maneno ya Kimvita ambayo yangepotea.

Kwa vijana wa Chama cha Wakristo ambao huuliza kila mwaka waende wapi siku ya matembezi: kaburi la Rosine na mtoto wake lipo Nyali, upande wa Mkomani, karibu na maji, pamoja na mnara wa ukumbusho wa Krapf. Kutoka hapo hadi Rabai si mbali kwa basi la shule. Rabai lipo kanisa, na yapo Makumbusho ya Krapf. Mkifika kilimani, shukeni chini kidogo mtembee ile njia ya kupanda kwa miguu, bila punda.